Mwandiko wa Pili Kwenye Daftari la Mama

Somo, shikamoo.

Nakuandikia saa nane usiku, nimekaa jikoni, watu wote wamelala. Nimeshakunja nguo za watoto, nikazikunjua, nikazikunja tena. Mume wangu alitoka kwenda msalani, akaniona, akasimama kidogo mlangoni, akarudi kulala bila kusema kitu. Wiki iliyopita alisema: "Mimi nilimwoa binti wa mama yako, sikumwoa mama yako." Nilimnunia siku mbili, lakini maneno yenyewe hayajanitoka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 36 na watoto wawili. Kwetu tumezaliwa watatu: mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba wetu wa kiume. Mama yetu amefariki miezi minane iliyopita.

Mama aliuza chapati na maharage Ngamiani mpaka miguu ilipomkataa. Mapema mwaka 1999 baba alikwenda Mererani kutafuta tanzanite, akamwacha mama na mimba ya huyu wa mwisho. Salamu zilikuja mara mbili, kisha kimya. Mama akawasha jiko. Nyumbani hadithi tunaisimulia hivyohivyo, baba kaondoka, mama kawasha jiko, kana kwamba kati ya hayo mawili hapakupita hata siku moja. Sijawahi kumwona mama akilia. Saa kumi alfajiri nilikuwa nasikia mikono yake ikipiga unga kwenye sinia, nageuka upande wa pili nalala tena, kwa sababu najua yupo.

Siku ya arobaini watu walimsifu sana. Neno lililorudiwa ni kwamba mama yetu alikuwa jeshi la mtu mmoja. Mjomba akanishika bega mbele ya watu wote, akasema, "Na jeshi sasa ni wewe." Nikaitikia. Tangu siku hiyo nimekuwa jeshi.

Mdogo wangu wa kike amepewa talaka, amerudi nyumba ya mama na mtoto wake, mimi ndiye ninayemnunulia unga. Kitinda mimba anataka mtaji wa bajaji na ananipigia kila Jumapili. Nimechukua mkopo wa mshahara kwa ajili ya hitma na kujengea kaburi, makato yake ni ya miaka mitatu. Pakiwa na msiba mtaani, sufuria zinaanza kuja kwangu kabla maiti hajaoshwa, kwa sababu mama ndivyo alivyokuwa. Na mimi sijalia, Somo. Siku ya mazishi nilikuwa nahesabu sahani. Nimekonda, usingizi umenikimbia, darasani nampigia kelele mtoto kwa kosa la kalamu. Lakini kulia, hapana. Nikikaribia, nasikia ule unga ukipigwa kwenye sinia, nanyanyuka natafuta kazi.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Mtendaji wa kata ameniomba nizungumze tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, dakika kumi, kuhusu mwanamke aliyenipa moyo maishani. Nilikubali hapohapo. Nikaenda nyumbani kufungua sanduku la mama nitafute picha yake nzuri. Picha sikuipata, nikapata kaunta buku zake za hesabu, nne, zimefungwa pamoja kwa kipande cha kanga.

Nikaketi kusoma. Kila siku ina mstari wake: mauzo, unga, mafuta, mkaa, nani anadaiwa. Mwandiko wa mama naujua, umelala upande wa kushoto kama mtu anayetembea dhidi ya upepo. Nilipofika tarehe 8 Oktoba 1999 mwandiko ukabadilika. Siku 19, mpaka tarehe 26, ameandika mtu mwingine, herufi kubwa kubwa za mduara. Nilizijua. Ni za Mama Zuhura (si jina lake halisi), jirani yetu, ambaye mpaka leo anauza chapati palepale.

Kwanza ni hesabu tu: "Mauzo 3,850. Unga, mafuta, mkaa 2,600. Zimebaki 1,250, nimeweka kwenye kopo la majani ya chai." Halafu chini ya hesabu yanaanza maneno. "Salamu za Muheza kwa kondakta: hali chakula, haongei." Siku nyingine: "Mtoto kaharisha, nimempa maji ya mchele." Kisha: "Salamu: jana kaoga mwenyewe." Na karibu na mwisho: "Salamu: anauliza watoto."

Siku zile nazikumbuka vizuri, kwa sababu ndipo Mwalimu Nyerere alipofariki, tarehe 14, redio ikawa ya maombolezo kutwa. Tulilala kwa Mama Zuhura. Mimi nilikuwa nambeba mdogo wetu mgongoni, ana miezi miwili tu. Tuliambiwa mama amekwenda kwao Muheza kumzika shangazi yake. Mama Zuhura alikuwa anasukuma chapati huku machozi yanamtoka, na sisi tukadhani anamlilia Mwalimu.

Hapakuwa na shangazi aliyekufa, Somo. Nimemuuliza mjomba kwa kuzungukazunguka. Huyo shangazi alifariki mwaka 2006.

Tangu nisome yale maandishi nimevurugika. Miaka yote hii nimejipima kwa mtu ambaye hakuwepo. Nikichoka najiambia mama hakuchoka. Kumbe alianguka siku 19, akaniacha nikibeba mtoto, na akanidanganya mpaka anaingia kaburini. Nina hasira naye, halafu naona aibu kumkasirikia marehemu. Nimeandika hotuba mara tano nimechana. Nikisema alikuwa jeshi la mtu mmoja, nitakuwa nasema uongo. Nikisema nilichokiona, nitakuwa nimemvua nguo mama yangu mbele ya kata nzima.

Niende kwa Mama Zuhura nikamuulize, au niyafunge yale madaftari na ile kanga yake nirudishe sandukuni?

Mwalimu, Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa msiba. Najua miezi minane imepita na watu wameshaacha kukupa pole, ndiyo maana naanza nayo.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona mama yako, na nilipoirudia nikakuona wewe. Aliyenishika hasa, mpaka nikaacha chai ikapoa, ni yule mwenye herufi za mduara. Wewe umemtaja kama mtu aliyeshika kalamu tu. Mimi naomba turudi kwake, tukae hapo kidogo.

Hebu fikiria alichofanya. Ana jiko lake na wateja wake, na bila shaka ana watoto wake. Jirani yake, ambaye kibiashara ni mshindani wake, amelala hoi Muheza. Anachukua sinia la yule mshindani, anakanda unga wake, anawauzia wateja wake, na jioni badala ya kutia pesa kwenye upindo wa kanga anakaa kuandika: mauzo kadhaa, matumizi kadhaa, bakaa iko kwenye kopo la majani ya chai. Shilingi 1,250. Ameandika na kopo gani! Alitaka mama yako akirudi akute duka lake limesimama, asikute mtu wa kumwambia "nilikusaidia". Nimeishi miaka mingi na nimeona misaada ya kila namna, mingi inakuja na tarumbeta. Wa kuwekewa hesabu mpaka senti ya mkaa nimeuona mara chache sana.

Kwa hiyo unaposema umegundua mama hakuwa jeshi la mtu mmoja, mimi nasema alhamdulillah. Neno hilo silipendi. Tunalitoa kama zawadi, tena kwa nia njema, lakini angalia linatolewa lini: wakati watu wanaondoka. Mjomba wako alikushika bega, akasema jeshi ni wewe, akapanda basi. Hilo halikuwa sifa, mwanangu. Lilikuwa mzigo, umetuliwa kwenye kichwa chako na mtu aliyeona shingo yako imenyooka.

Wewe ni mtu wa Tanga na mwalimu, Shaaban Robert huhitaji kufundishwa na mimi. Yule mzaliwa wa Vibambani ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Siku kama hiyo ya tarehe 8 Machi Siti hutajwa sana, na hutajwa kwa namna moja: binti wa Fumba, ametoka katika utumwa na umaskini, anauza vyungu kwa miguu, watu wanamcheka sura na kaniki yake, halafu mwaka 1928 yuko Bombay anarekodi nyimbo kwa Kiswahili. Yote kweli. Lakini anasimuliwa kama vile alikwenda peke yake. Siti hakujua kusoma. Alikuwepo Ali Muhsini aliyemfundisha kuimba, na walikuwepo Subeti, Buda Swedi, Mbaruku, Maalim Shaaban, watu wa udi na fidla na wa kutunga, waliokaa naye usiku kwa usiku mpaka shairi likakaa kinywani. Sauti ilikuwa yake, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Ila mtu anayemtaka Siti bila wale waliomzunguka, anataka sauti isiyo na chombo.

Turudi Ngamiani. Kuna jambo umeliandika kwa kupita na nadhani hukulisikia ulipoliandika. Umesema mdogo wako alikuwa na miezi miwili.

Mwanamke hamwachi mtoto wa miezi miwili, anyonyaye, akaenda kuzika shangazi kwa siku 19. Ukiwa na miaka kumi usingeweza kulijua hilo. Lakini umezaa wawili wewe, na bado ile hadithi ya shangazi uliibeba mpaka mwezi uliopita bila kuigeuza upande wa pili. Sikulaumu. Ilikuwa hadithi nzuri ya kulalia.

Mimi si daktari, na mama yako hayupo wa kupimwa, kwa hiyo ugonjwa wake siutaji. Nasema ninachokijua mimi niliyezaa wanne na kukaa na wazazi wengi ndani ya arobaini zao. Yuko mwanamke ambaye baada ya kujifungua giza humshukia: hali, halali, hasemi, mtoto akilia anamtazama kama mtoto wa mtu mwingine. Wazee walisema ni jini, wengine wakasema ni deko. Siku hizi lina jina, sonona baada ya kujifungua, na lina tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wapatao 13 katika kila 100 hupata maradhi ya akili baada ya kuzaa, zaidi hiyo sonona, na katika nchi kama zetu hukaribia 20. Mtie hapo na mume aliyepotelea migodini. Kama ndilo lililompata, mama yako hakuwaacha. Alipelekwa kwao apone, na aliowaacha aliwaacha kwenye mikono ya mtu anayeandika "mtoto kaharisha, nimempa maji ya mchele".

Nawe uliyebeba mtoto mgongoni ukiwa na miaka kumi, hasira yako ni halali. Usiionee aibu. Mtu humkasirikia marehemu wake, kisha humwombea dua, vyote ndani ya swala moja. Ila kwenye neno "alinidanganya" ndipo tunapoachana. Mtu anayetaka kukudanganya hahifadhi ushahidi miaka ishirini na zaidi, akaufunga na kanga, akauweka kwenye sanduku ambalo anajua kifungua mimba wake ndiye atakayelifungua. Angeweza kuchana kurasa zile. Angeweza kuwashia jiko, kiberiti na mkaa vyote vilikuwa mkononi mwake. Nadhani alitaka ujue, ila hakujua aanzie wapi. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, alipomtungia binti yake utendi wa wosia alimwambia wazi kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Yeye alikuwa na ushairi. Mama yako alikuwa na daftari la hesabu, akakuachia hilo.

Sasa maswali yako.

Kwa Mama Zuhura nenda. Usiende na daftari mkononi kama karani wa mahakama. Nenda na sukari na doti ya kanga, kaa, mwulize hali, akikupa chapati kula. Na usianze na "mama alikuwa anaumwa nini?" Swali hilo litamfunga mdomo, maana inaelekea alimwahidi mama yako jambo. Mwambie, "Nimeuona mwandiko wako." Halafu nyamaza. Wewe mwalimu najua kunyamaza ni kazi ngumu, lakini jitahidi. Akisema, umepata. Akikataa kusema, mshukuru kwa zile siku 19, kwa hesabu zile, kwa yale maji ya mchele, uondoke. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumshukuru. Mama yako bila shaka, lakini nyinyi watoto mlidhani anamlilia Mwalimu Nyerere.

Kuhusu hotuba. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiri, na mimi sitakuwa mtu wa kukwambia uvue sitara hiyo kwa sababu siku hizi kila mtu anajianika. Lakini pia tunasema mficha uchi hazai. Baina ya hayo mawili pana nafasi, na ndani yake yumo mtu ambaye hukumfikiria: kitinda mimba wako. Ukisimama mbele ya kata ukaeleza kwamba mama alianguka miezi miwili baada ya kujifungua, kijana yule atahesabu kwa vidole na atajiona yeye ndiye sababu. Kwa hiyo habari ya ugonjwa usiipeleke jukwaani, angalau si mwaka huu. Kwanza kaeni nyinyi watatu nyumbani kwa mama, mlango umefungwa, wasomee zile kurasa. Wasomee na ule mstari wa "anauliza watoto". Watoto, kwa wingi. Na yeye yumo.

Jukwaani zungumza juu ya mwandiko. Sema tu mama aliugua, na kuugua si aibu. Sema ulifungua daftari ukakuta siku 19 zimeandikwa na jirani. Soma ile hesabu ya shilingi 1,250. Kama Mama Zuhura ataridhia, awepo mstari wa mbele, na kama hataki kutajwa, usimtaje. Mwulize mapema, usimshtukize mbele za watu ukidhani unamfanyia wema. Utasema nini zaidi dakika kumi nzima? Wenzako watakaopanda hapo watamtaja Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wetu, na wana haki, maana jina lake limepewa barabara Dar es Salaam na daladala zinapita kutwa. Wachache watasema kwamba mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa maisha, akaachiwa mwaka 1972. Watairuka hiyo miaka kama nyinyi mlivyoiruka ile Oktoba. Watairuka na ngoma pia: Bibi Titi alipoanza kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955 alipitia vikundi vya lelemama, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma na wenzake walimjua. Siku zote kuna kundi, ukilitafuta.

Nimefika kwako wewe, na hapa sitakubembeleza.

Daftari lako wewe, mwandiko wa pili ni wa nani? Nimetafuta kwenye barua nzima. Nimemkuta mjomba anayeshika mabega, mdogo wako anayesubiri unga, kijana anayepiga simu Jumapili, na mtaa unaoleta sufuria. Kuna mtu mmoja tu aliyesimama mlangoni saa nane usiku, na huyo ulimnunia siku mbili. Kauli yake ilikuwa chungu, sikatai, angeweza kuchagua maneno mengine. Lakini ndiye peke yake aliyeona kwamba umepotea, wengine wote wanaona umepatikana. Kesho akiamka kwenda msalani mwambie akae. Mwonyeshe daftari. Usimpe kazi ya kufanya, mwonyeshe tu.

Mdogo wako wa kike ana mikono miwili na amerudi kwenye nyumba yenye jiko, sinia na jina la mama linalojulikana mtaa mzima. Kwa nini unamnunulia unga wa kula badala ya unga wa kuuza? Mpe gunia moja, mara moja, na Mama Zuhura amsimamie kama ataridhia. Kuhusu bajaji, jibu ni hapana. Mwenye makato ya miaka mitatu hatoi mtaji wa mtu mwingine. Mwambie kwa upole, halafu Jumapili ikifika usipokee simu mpaka umekula. Sufuria za misiba nazo pokea zile unazoziweza, nyingine ziite kwa mwenzako, "mwenzangu, huu wako." Mara ya kwanza watanong'ona. Mara ya tatu watazoea.

Na nenda hospitali. Miezi minane bila usingizi, kukonda, hasira na watoto wa watu, hayo hayatibiwi kwa uji tu. Hospitali za mikoa zina watu wa afya ya akili, ulizia mapokezi kama unavyoulizia daktari wa meno. Waambie yote, na la mama waambie, kwa sababu utaulizwa nani katika ukoo amewahi kuugua, na wewe sasa unalo jibu.

Kulia sikulazimishi. Nilipofiwa na mama yangu nilikaa mwaka na nusu, machozi yakaja sokoni nikichagua nyanya, muuzaji akadhani ni bei. Akanipunguzia.

Nimebaki na udadisi wangu mwenyewe, si ushauri. Umeniambia mwandiko wa Mama Zuhura uliishia tarehe 26 Oktoba. Tarehe 27 mama yako alikuwa amerudi, amekaa chini na ile kalamu. Aliandika nini siku hiyo? Hukusema. Hata kama ni bei ya mkaa tu, niandikie.

Somo